Maboksi ya riwaya yangu yamejaa chumbani, mswada wa pili uko mezani: nichapishe tena mwenyewe?

Shikamoo Anti,

Barua nyingi zinazokufikia ni za ndoa, wakwe na mirathi. Yangu ni ya kitabu. Lakini kitabu chenyewe kimeshaingia mpaka ndani ya ndoa yangu, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Nina miaka 38, ni muuguzi kwenye kituo cha afya mkoani Singida, nina mume na watoto watatu. Riwaya yangu ya kwanza niliiandika zamu za usiku, wadi ya wazazi, saa zile ambazo akina mama wamelala na hakuna aliye karibu kujifungua. Niliandika kwenye kaunta buku, zikafika tano. Ilinichukua miaka sita. Nikapeleka mswada kwa wachapishaji wawili. Mmoja hakunijibu mpaka leo. Wa pili alinijibu baada ya miezi 14 kwamba soko la riwaya ni dogo, kama nina kitabu cha masomo nilete.

Mwaka jana nikaamua kujichapishia. Nilikopa milioni 3 SACCOS, nikaongeza akiba yangu 410,000. Mchapaji wa Dar es Salaam alinichapia nakala 500 kwa shilingi 3,100,000. Kijana wa jalada alichukua 150,000, aliyepanga kurasa 100,000, na nauli ya mzigo kwenye basi ikawa 60,000. Mhariri sikumweka, hela haikutosha. Kaka yangu ambaye ni mwalimu ndiye aliyeupitia.

Anti, siku maboksi yalipofika stendi sikuweza kusubiri kufika nyumbani. Nilichana gundi pale pale kwa funguo. Kuona jina langu juu ya kitabu, nikakaa chini kwenye boksi nikalia, watu wanapita wananitazama. Mume wangu alikodi bodaboda mbili, moja akapanda yeye na maboksi mapajani.

Halafu yakaanza mengine. Nauza shilingi 12,000. Kwa mkono nimeuza nakala 143: wafanyakazi wenzangu, kanisani, mikutano ya mafunzo. Nakala 60 nilipeleka maduka mawili ya vitabu kwa mali kauli, wao wanakata asilimia 30. Zimeuzwa 22 na hela yake nimepata, ila kila nikipiga simu kuulizia 38 zilizobaki naambiwa mhusika hayupo. Nimegawa bure 41, kwa mkuu wangu wa kazi, mchungaji, ndugu, marafiki waliosema watalipa mwisho wa mwezi. Zimebaki 256 chumbani kwetu. Katika hizo, 27 ni mbovu: kurasa za 129 mpaka 144 zimejirudia mara mbili, na za 145 mpaka 160 hazipo kabisa. Mchapaji anasema hiyo ni kawaida, kwenye vitabu 500 haviwezi kukosekana vichache.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili alizungushia kalamu nyekundu makosa 31 kwenye kurasa 20 za mwanzo, akapiga picha, akaweka kwenye grupu la wazazi wa shule ya mwanangu. Sikwenda kikao cha wazazi mwezi ule. Na dada mmoja Mtanzania anayefanya kazi Muscat aliniomba kitabu, nauli ya kukituma ikawa kubwa kuliko bei yake, nikamtumia PDF kwa 5,000. Haikuisha miezi miwili, faili lile lile likanirudia kwenye grupu jingine la WhatsApp, bure, na ujumbe kwamba ni simulizi tamu msiikose. Kitabu kina ISBN, nilidhani inanilinda.

Mume wangu hasemi sana. Nyumba yetu imekwama kwenye lenta mwaka wa pili huu, na marejesho ya mkopo yanakatwa kwenye mshahara wangu mpaka Desemba. Aliniambia neno moja tu, "Mama watoto, tupumzike kwanza." Kitabu chenyewe hajakisoma. Nimejua kwamba uandishi wangu haumo moyoni mwake. Alichofanya kuhusu vitabu ni kutengeneza kichanja cha mbao tu, maboksi yasiguse sakafu kwa sababu ya mchwa.

Sasa nina mswada wa pili, nimeumaliza. Mchapishaji mmoja, si wale wawili wa mwanzo, amesoma riwaya ya kwanza na anautaka wa pili. Anatoa mrabaha wa asilimia 10, atatoa kitabu ndani ya miezi 24, na anataka haki zote za vitabu vyote viwili, pamoja na mimi kuacha kuuza cha kwanza. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Upande mwingine SACCOS watanikopesha milioni 5 nikimaliza deni, na mchapaji ananiambia nikichapa nakala 1,000 kila moja itashuka mpaka 4,700. Rafiki yangu naye anasema niachane na wote, niuze kwa WhatsApp sehemu kwa sehemu kama wenzangu.

Ningekuwa nimeshaacha, Anti. Lakini mwezi wa pili mama mmoja aliyelazwa kwetu aliniita usiku. Jirani yake wa kitanda ndiye aliyekuwa akimsomea kitabu changu, maana yeye hajui kusoma. Akanishika mkono akaniuliza, "Nesi, huyu Mwajabu alirudi kwao?" Hakujua kama mimi ndiye niliyeandika. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za ndugu yake. Tangu siku ile siwezi kuacha, na siwezi kuendelea kumkosea mume wangu.

Nifanyeje?

Muuguzi Mwandishi, Singida

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa uliyobeba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la hela, mara ya pili nikaona la mume, na ya tatu nikaona lililo chini ya yote mawili: unauliza kama una haki ya kuendelea kuandika ilhali kitabu cha kwanza, kwa hesabu yako, kimeshindwa. Ngoja tuanze na hilo neno "kimeshindwa." Hukuliandika, lakini kila mstari wa barua yako unalitaja.

Chukua kalamu tuhesabu, maana umenipa tarakimu zote isipokuwa jumla. Ulitumia 3,410,000. Weka na riba ya SACCOS, ambayo hukunitajia. Tuseme ni 360,000, wewe utaweka yako kamili. Inakuwa 3,770,000. Nakala 143 za mkononi zimekuingizia 1,716,000. Zile 22 za dukani, kila moja ikikubakizia 8,400, ni 184,800. Jumla umeshapokea 1,900,800. Kilichobaki ili urudishe kila senti, pamoja na riba, ni 1,869,200, yaani nakala 156 za kuuza kwa mkono wako. Chumbani una 256. Toa zile mbovu 27, unabaki na nzima 229. Ukiuza 156 umemaliza deni la kitabu, na nyingine 73 zinakuwa zako na watoto. Hapo sijagusa zile 38 za dukani.

Sisemi kuziuza ni kazi nyepesi. Walio karibu nawe wameshanunua, na wanaofuata wako mbali zaidi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya hasara na mali ambayo bado haijauzwa, na nahisi usiku unapoyatazama yale maboksi unaona hasara. Nakuomba uyatazame tena ukiwa na hii hesabu mkononi, na mume wako akiwa amekaa pembeni yako.

Huyo mume sasa. Umeandika kwamba umejua uandishi wako haumo moyoni mwake. Umejuaje? Nimemtafuta huyo mwanaume katika barua yako, nikamkuta akikodi bodaboda mbili na kubeba maboksi mapajani. Nikamkuta tena na mbao, akipigilia kichanja ili mchwa wasile kitabu ambacho hajakisoma. Umeandika alichofanya ni "kutengeneza kichanja cha mbao tu." Mwanangu, hilo neno "tu" nimelitazama sana. Wapo wanaume wanaosoma kitabu cha mke wao usiku mmoja na kukisifia, na wapo wanaopima urefu wa mbao. Inawezekana hajasoma kwa sababu hapendi. Inawezekana pia anaogopa kukutana na yeye mwenyewe humo ndani, au si msomaji wa riwaya hata kidogo, au hajawahi kuombwa. Mimi simjui, wewe ndiye unayemjua. Nasema tu kwamba "tupumzike kwanza" na "acha" si maneno mamoja, na anayetazama lenta isiyo na paa kila asubuhi anaweza kuwa anazungumzia kupumzika kweli. Je, alishirikishwa kabla ya ule mkopo wa kwanza, au aliujua ulipoanza kukatwa? Hilo hukuniambia, na huenda jeraha liko hapo kuliko kwenye vitabu.

Kabla ya kukalia kiti hiki nilifanya kazi miaka kadhaa kwa mchapishaji, nikisoma prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kuchapa. Kwa hiyo vumilia, hapa nitakaa kidogo.

Wewe ulipotoa kitabu kile hukuwa mwandishi peke yake, ulikuwa mchapishaji. Yule uliyemlipa milioni 3.1 ni mchapaji: kazi yake ni karatasi, wino na gundi. Watu wengi wanayachanganya hayo maneno mawili, halafu wanamdai mchapaji mambo yasiyo yake na kumsamehe yaliyo yake. Makosa 31 ya mwalimu si yake. Hayo ni ya nafasi ya mhariri uliyoiacha wazi, na kaka yako, pamoja na upendo wake wote, alisoma kama kaka. Anayekupenda husoma anachojua ulitaka kusema, jicho lake linaruka kosa. Lakini nakala 27 ni za mchapaji kabisa. Kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa ikatoa kifungu cha kurasa 16. Vifungu vinapangwa kwa zamu, vinatiwa gundi, vinakatwa. 129 mpaka 144 ni kifungu cha tisa, 145 mpaka 160 ni cha kumi. Mtu pale kiwandani aliokota cha tisa mara mbili akaruka cha kumi. Kwamba hutokea, ni kweli. Lakini likitokea, mwenye mashine huchapa upya au hurudisha hela. Piga picha zote 27, mwandikie kwa maandishi, ambatanisha risiti. Mdai kwa adabu na bila kuona haya. Na kama ndiye unayefikiria kumpa nakala 1,000 za kitabu cha pili, namna atakavyojibu hili itakuonyesha mengi.

Kuhusu ile picha kwenye grupu la wazazi, iliniuma na mimi. Yule mwalimu angeweza kukuletea faraghani. Ila hiyo nakala yenye wino mwekundu, kama bado anayo, iombe. Amekufanyia bure kurasa 20 za kazi ambayo hukuweza kuilipia, na utazihitaji siku ya kuchapa tena.

ISBN haikulindi, na haikuwekwa kwa ajili hiyo. Ni namba ya utambulisho inayotolewa hapa kwetu na Bodi ya Huduma za Maktaba, ili duka au maktaba yoyote ijue kitabu hiki ni kipi na ni cha nani. Haki yako ilianza usiku ule ulipoandika mstari wa kwanza kwenye kaunta buku. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yako, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa kwetu, kunakusaidia kwenye ushahidi yakizuka mabishano. Na zile kaunta buku tano ni ushahidi pia. Ziko wapi? Ziweke nazo juu ya kichanja.

Faili lililotoka Muscat huwezi kulirudisha. Unaweza kumwandikia kiongozi wa grupu alifute. Wengine huona aibu wakafuta. Katika hasira yako, hata hivyo, kumbuka kitu kimoja: wale watu waliisoma. Wapo Waswahili Muscat, Nairobi, Bujumbura, Ulaya, wenye kiu ya hadithi ya kwao na hakuna duka la jirani linalowauzia. Kama ukurasa wa mwisho wa lile faili ungekuwa na sentensi mbili, jina lako na namba ya kupokelea malipo kwa atakayeguswa, huenda baadhi yao wangekutumia kitu. Si dawa ya wizi, lakini ni njia ya kujulikana kwa wasomaji ambao hukujua unao.

Sasa njia zako tatu. Sitakuchagulia, ila nikuonyeshe ninachokiona kwenye kila moja.

Mchapishaji kwanza. Kupendwa na mchapishaji baada ya ile kauli ya "lete kitabu cha masomo" ni jambo la kufurahia, na natumaini ulifurahia japo jioni moja kabla hofu haijaingia. Akifanya kazi yake vizuri atakupa ulivyokosa: mhariri asiye ndugu yako, mtu wa kufuatilia maduka badala ya wewe kupiga simu, na uwezo wa kupeleka kitabu Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kutafutiwa ithibati ili kiingie shuleni kama kitabu cha ziada, njia ambayo mtu mmoja mmoja huiona ndefu. Asilimia 10 inaonekana ndogo ukiilinganisha na kuuza mwenyewe, ambako kila nakala ya mkononi inakubakizia kama 5,000 baada ya gharama ya kuchapa. Lakini hiyo 5,000 unailipia kwa miguu, vocha na Jumapili zako. Yake inakuja ukiwa umelala, kama inakuja. Muulize: ni asilimia 10 ya bei gani? Ya bei ya dukani, kitabu cha 12,000 kinakupa 1,200. Ya kile anachopokea yeye baada ya duka kukata 30, inakuwa 840. Mkataba useme wazi, na useme hesabu utaletewa mara ngapi kwa mwaka, ikionyesha nakala zilizochapwa na zilizouzwa.

Kinachonitia wasiwasi ni "haki zote za vitabu vyote viwili." Haki zote ni pamoja na tafsiri, redio, filamu, kitabu cha kusikiliza, na mambo ambayo bado hayajabuniwa. Anataka kuchapa kwa Kiswahili. Ataje kwamba anachukua haki ya kuchapa kwa Kiswahili, kwa miaka kadhaa. Miezi 24 ikipita bila kitabu, mkataba uvunjike wenyewe. Kitabu kikiisha sokoni na asichape tena, haki zirudi kwako. Na zile nakala 229? Ama azinunue, ama akuruhusu uzimalize ndipo cha kwanza kihamie kwake. Haya si matusi, wachapishaji huulizwa kila siku. Akikasirika kwa kuulizwa, hiyo nayo ni habari. Na mwisho wa mwezi ni tarehe aliyoiweka yeye. Mswada uliokwisha kumalizika haufi kwa wiki tatu za kumtafuta mwanasheria, au mwandishi aliyekutangulia, akusomee karatasi.

Kujichapishia tena, pili. Usidhani umeokota njia ya waliokosa. Marehemu Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers pale Dar es Salaam, akatoa riwaya zake na za wenzake, na zikasomwa mpaka zikachakaa mikononi mwa watu. Uhuru ulioonja pale stendi, wa jalada ulilochagua na hadithi ambayo hakuna aliyekuambia uikate, ni wa kweli. Lakini ile 4,700 niiogope kidogo kwa niaba yako. Bei inashuka kwa sababu gharama ya kuandaa mashine inagawanywa kwa nakala nyingi, si kwa sababu wasomaji wameongezeka. Nakala moja inakuwa rahisi na deni linakuwa kubwa: 4,700,000 kwa karatasi peke yake, na milioni 5 karibu yote imekwisha kabla hujamlipa mhariri. Nakala 1,000 ni mara mbili ya maboksi unayoyajua, na kichanja kinatosha kimoja. Ukiitaka njia hii, jiulize kama ni lazima ianze Januari, kwa mkopo, kwa nakala 1,000. Wapo wanaochapa 100 kwa mashine za dijitali, kila nakala ikiwa ghali zaidi, ila wakilala bila deni. Wapo wanaokusanya malipo ya wasomaji kabla ya kuchapa. Wewe una watu 165 waliokwisha kulipia hadithi yako. Je, majina na namba zao uliandika mahali?

WhatsApp nitaipita haraka, kwa sababu nilivyokusoma moyo wako haupo huko. Inawalipa baadhi, hasa wenye mkono mwepesi wa kutoa sehemu kila siku. Wewe una zamu za usiku, na riwaya ya miaka sita ni kazi ya mtu anayerudi nyuma na kufuta. Ila sura mbili tatu za mwanzo zikitolewa huko zinaweza kukutafutia wanunuzi wa yale maboksi.

Kuna na njia ya nne ambayo hukuitaja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET, imekuwa ikitolewa tangu 2023 kila Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa riwaya hupewa shilingi milioni 10 na kitabu chake huchapwa kwa gharama za serikali. Kushinda si jambo la kulipangia bajeti, na sikuambii uweke tumaini lote hapo. Nakutajia kwa sababu mashindano mengi ya uandishi huwa na masharti kuhusu kazi iliyokwisha chapwa, na mswada wa pili, ukiwa bado mezani, una milango ambayo cha kwanza huenda kimeshaipita. Soma masharti kabla ya kusaini au kuchapa chochote.

Kuna jambo nalitamani kwenye barua yako ijayo. Yule mama wa wadini alikuuliza kama Mwajabu alirudi kwao, na hukuniambia ulimjibu nini. Hukuniambia pia kama ulimwambia ni wewe uliyeandika. Nadhani hukumwambia. Umegawa nakala 41 bure kwa watu wenye vyeo na wenye ahadi, na mwanamke aliyekushika mkono hajui mkono ule ndio ulioandika. Nafikiri mume wako naye hajasikia kisa hicho cha usiku ule, umekileta kwangu kwanza. Mpelekee. Huna haja ya kumwomba asome kurasa 240. Msomee sura moja, ile uipendayo wewe, jioni ambayo hakuna anayezungumzia mkopo, halafu siku nyingine mkae na ile hesabu ya nakala 156 na tarehe ya Desemba, mpange lenta na kitabu kwenye karatasi moja. Anaweza akasema bado tupumzike. Ukimsikia vizuri, huenda mapumziko ya mwaka mmoja yakawa ni muda wa mhariri. Anaweza pia akasema kitu kingine kabisa, na mimi sipo hapo kukisikia.

Nakala moja niuzie. Usinipe bure. Nitatuma 12,000 na nauli ya basi kwa anwani utakayoacha ofisini kwetu, na nikifika ukurasa wa 145 nikikuta kurasa zimejirudia, nitakupigia simu mwenyewe.

Ni mimi Anti wako